Mali bila daftari: Jinsi mchuuzi wa Busia na Malaba anavyoweza kuulinda mtaji wake kwa kalamu na karatasi

KABLA ya jua kuchomoza mjini Busia, barabara inayoelekea Uganda huwa tayari imejaa watu. Waendeshaji baiskeli na pikipiki hung'ang'ania abiria, wabadilishaji fedha hushika mabunda ya noti za nchi mbili, nao wachuuzi huvuka na vikapu vitupu ambavyo vitarudi vikiwa na mayai, ndizi, maharagwe au nyanya.

Kufikia saa nne asubuhi, mchuuzi mmoja huenda akawa amekwisha kutoa na kupokea ahadi kumi. Amemwahidi mwenye hoteli trei tatu za mayai kabla ya adhuhuri. Amemkopesha jirani wa sokoni trei mbili. Amepokea pesa za mteja kupitia simu. Muuzaji wa upande wa pili amemnong'oneza kwamba bei itapanda Alhamisi, na mweka hazina wa chama amemkumbusha kuwa mchango ni kesho.

Yote hayo huyabeba kichwani, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tajiri mwenye duka la jumla akisahau deni la Sh700, huenda asilihisi kamwe. Lakini kwa mchuuzi ambaye mtaji wake wote ni Sh13,000, pesa hizo zaweza kuwa faida ya siku nzima. Akisahau mara tatu kwa wiki, ataona mtaji ukipungua bila ya kujua mwizi ni nani, na aghalabu atamshuku mtoto, mume, mfanyakazi au hata uchawi.

Wahenga waliliona jambo hili walipotuachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uzito wa methali hiyo umo katika maneno mawili ya mwisho. Mali iliyoibwa hutoa habari: mlango huvunjwa, majirani hupiga mayowe. Mali isiyoandikwa huondoka kimya kimya.

Mpaka umefunguka, kichwa ni kile kile

Busia na Malaba, miji iliyomo katika Kaunti ya Busia, ndiyo malango makuu ya nchi kavu baina ya Kenya na Uganda. Malaba hupitisha malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala na kwingineko ndani ya bara. Busia, licha ya kupitisha malori pia, inajulikana zaidi kwa biashara ya watu wanaovuka kwa miguu, baiskeli na pikipiki.

Hata jina la bodaboda, ambalo leo limeenea kote Afrika Mashariki, husimuliwa kuwa lilizaliwa katika mpaka huu, pale waendeshaji baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria waliotaka kuvushwa kutoka kizuizi cha nchi moja hadi kile cha nchi nyingine.

Kwa miaka mingi tatizo kubwa la mchuuzi lilikuwa kuvuka kwenyewe. Hali hiyo ilibadilika hatua kwa hatua. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa mwaka 2005, na soko la pamoja likafuata mwaka 2010. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia. Katika utaratibu huo, ambao Malaba pia unafuatwa, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, badala ya kukaguliwa pande zote mbili.

Matokeo yake ni kwamba aliyekuwa akivuka mara moja kwa siku aweza sasa kuvuka mara mbili. Anakutana na wauzaji wengi zaidi na wateja wengi zaidi. Lakini kichwa kinachoyatunza hayo yote hakikupanuliwa pamoja na barabara.

Isitoshe, hesabu za mpakani ni ngumu kuliko za mji wa kawaida. Mchuuzi hununua kwa sarafu moja na kuuza kwa nyingine. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda, na kiwango hicho hupanda na kushuka. Mtu aliyeuza mali yote bado aweza kupata hasara kwa sababu ya pesa alizobadilisha asubuhi.

Akili haipumziki hadi jambo liandikwe

Wanasaikolojia wamelichunguza suala la mambo yasiyokamilika kwa karibu karne moja. Mwaka 1927, Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisomea mjini Berlin, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Matokeo hayo yamejadiliwa sana tangu hapo, lakini wazo la msingi linaeleweka na yeyote aliyewahi kukosa usingizi: jambo lililoachwa katikati huendelea kubisha hodi.

Mwaka 2011, watafiti wa Marekani E. J. Masicampo na Roy Baumeister waliongeza hoja muhimu. Waligundua kwamba lengo lisilotimizwa humsumbua mtu hata anapofanya kazi nyingine, lakini usumbufu huo hupungua pindi anapoandaa mpango mahususi wa namna atakavyolitimiza. Haikulazimu kazi iwe imekwisha. Mpango ulitosha kuituliza akili.

Kwa mchuuzi, maana yake ni hii: ahadi ya trei tatu za mayai inapoelea kichwani, humfuata hata anapohesabu chenji ya mteja mwingine, naye hukosea. Ahadi hiyo ikiandikwa pamoja na saa na mahali, kichwa hupata nafasi ya kushughulikia mteja aliye mbele yake.

Desturi ya kale ya wafanyabiashara

Kuandika mambo ya siku katika kitabu si uvumbuzi wa leo. Neno daftari lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wataalamu wa lugha hulifuata hadi neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi, kwani ngozi iliandikwa kabla ya karatasi kuenea.

Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati ambacho ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu. Walitumia vitabu vitatu. Cha kwanza kilipokea kila jambo lilipotokea, bila ya mpangilio. Cha pili kilipanga mambo hayo kwa utaratibu wa siku. Cha tatu kilikusanya hesabu ya kila mtu na kila bidhaa mahali pake.

Karne tano baadaye, mwaka 2013, mbunifu Ryder Carroll wa Marekani alitangaza mfumo wake wa daftari ulioenea duniani kote, na mwaka 2018 akauandikia kitabu. Carroll hakuwa akishughulika na bidhaa bali na kazi za kila siku. Hata hivyo, nguzo zake zinafanana na zile za Venice: andika kwa ufupi, tumia alama chache, kisha pitia ulichoandika na uhamishe ambacho hakijakamilika.

Mchuuzi wa Busia hana haja ya kununua kitabu cha Carroll wala kusoma Kilatini au Kiitaliano. Anaweza kuziunganisha desturi hizo mbili katika daftari moja la kawaida.

Jinsi ya kulipanga daftari

Linalohitajika ni daftari moja la jalada gumu linaloingia mkobani, na kalamu mbili, kwa kuwa kalamu hupenda kukauka siku yenye wateja wengi. Daftari liwe moja tu. Mwenye madaftari matatu huishia kuacha moja nyumbani, nalo ndilo analolihitaji siku hiyo.

Kurasa zote zipewe nambari. Kisha daftari litumiwe kutoka pande mbili. Upande wa mbele ni wa siku. Upande wa nyuma, daftari likigeuzwa, ni wa watu. Pande hizo zikikutana katikati, daftari limejaa na ni wakati wa kununua jingine.

Upande wa mbele, kila siku ina ukurasa wake. Juu kabisa huandikwa tarehe, pesa alizotoka nazo mtu nyumbani, na kiwango cha kubadilisha fedha alichopewa asubuhi hiyo. Chini yake, kila jambo huandikwa katika mstari wake, pale pale linapotokea.

Alama nne zinatosha kwa kazi. Kazi inayosubiri huwekewa nukta. Ikimalizika, nukta hugeuzwa tiki. Ikihamishiwa siku nyingine, huwekewa mshale. Ikiwa haina maana tena, hupigwa mstari. Kwa pesa, alama ya kujumlisha huonyesha zilizoingia, ya kutoa huonyesha zilizotoka, na herufi D huonyesha deni.

Mambo mawili madogo huokoa hasara kubwa. La kwanza ni kuandika herufi ya sarafu mbele ya kila kiasi: K kwa shilingi za Kenya, U kwa shilingi za Uganda. Tarakimu 9,000 isiyo na herufi haina maana mpakani.

La pili ni kuanza kila kazi kwa kitenzi. Aliyeandika "mayai, hoteli" hatajua jioni ikiwa alipeleka, aliahidi au aliagizwa. Aliyeandika "peleka trei 3 hotelini kabla ya saa sita" hana la kujiuliza.

Hesabu ya siku moja

Mfano wa mchuuzi wa mayai utaeleza zaidi. Bei zinazotumiwa hapa ni za kielelezo tu.

Mchuuzi amenunua trei 40 upande wa Uganda kwa U9,000 kila moja, jumla U360,000. Ikiwa asubuhi hiyo shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda, mzigo umemgharimu takriban K12,857. Akiuza kila trei kwa K350, atapata K14,000. Baada ya kutoa nauli na gharama nyingine za K500, faida yake ni K643.

Kiwango cha kubadilisha kikishuka hadi 27, mzigo ule ule utamgharimu takriban K13,333. Faida itashuka hadi K167. Bei ya mayai haikubadilika, wateja hawakupungua, wala hakuna yai lililovunjika. Asiyeandika kiwango cha asubuhi hatajua kwa nini kazi ile ile imemlipa robo ya alichozoea.

Sasa lirudi lile deni la jirani wa sokoni. Trei mbili ni K700. Likisahauliwa, limemeza faida yote ya siku nzuri na kuanza kuula mtaji. Trei 38 alizouza kwa taslimu zilikuwa kazi ya bure.

Hesabu kama hii haihitaji elimu ya juu. Inahitaji tu tarakimu ziwepo, na haziwezi kuwepo jioni ikiwa hazikuandikwa asubuhi.

Daftari hufa jioni

Wengi waliojaribu kutumia daftari na kuliacha hawakushindwa kuandika. Walishindwa kusoma walichoandika. Wiki ya kwanza kurasa hujaa, wiki ya pili daftari linageuka kuwa shimo la kutupia maneno, na wiki ya tatu linafungiwa chai na sukari.

Kwa hiyo sehemu muhimu zaidi ya mfumo huu ni ile dakika kumi au kumi na tano za jioni, baada ya kufunga biashara na kabla ya uchovu kushinda. Ni wakati huo ambapo vitabu vitatu vya Venice hufanya kazi ndani ya daftari moja.

Mchuuzi hupitia ukurasa wa siku akijiuliza maswali manne. Pesa zilizomo mkobani na katika simu zinalingana na zilizoandikwa? Deni gani limetolewa leo na halijahamishiwa ukurasa wa mdaiwa? Kazi gani haijakamilika, na itafanywa lini? Na ni kitu gani lazima kifanywe kesho kabla ya kuvuka mpaka?

Kila kazi isiyokamilika huandikwa upya kwa mkono katika ukurasa wa kesho. Uzito huo mdogo wa kuandika tena ni msaada. Kazi iliyohamishwa mara tatu mfululizo inamtaka mwenyewe aamue: aifanye kesho kabla ya nyingine zote, amkabidhi mtu mwingine, au akubali kwamba hataifanya na aifute.

Pesa zisipolingana, tofauti iandikwe kama ilivyo. Kishawishi cha kurekebisha tarakimu ili zipendeze ni kikubwa, lakini daftari linalodanganya ni baya kuliko kutokuwa nalo. Mara moja kwa wiki, jumla za siku zijumlishwe pamoja. Hapo ndipo mtu huona kama anaishi kwa faida au anaula mtaji.

Ukurasa wa mdaiwa na mkono wa sheria

Upande wa nyuma wa daftari, kila mdaiwa ana ukurasa wake wenye safu nne: tarehe, alichochukua, alicholipa na kinachobaki. Safu ya tano, ambayo wengi huisahau, ni ya sahihi yake.

Sahihi hiyo si dharau kwa rafiki. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinakubali vitabu vya hesabu vinavyotunzwa mara kwa mara katika shughuli za biashara viwasilishwe mahakamani. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kuwa maandishi hayo peke yake hayatoshi kumtwika mtu deni. Daftari lililoandikwa na mdai pekee ni neno la upande mmoja. Sahihi ya mdaiwa, au ujumbe wa simu wenye kiasi na tarehe ile ile, huliongezea nguvu.

Njia ya kudai nayo imerahisishwa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama hizo zikaanza kazi mwaka 2021 kusikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, huku kesi ikitarajiwa kuamuliwa katika siku 60. Kwa kawaida deni la mkataba hupitwa na muda baada ya miaka sita, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuandika tarehe.

Hata hivyo, mdaiwa anayeishi Uganda ni vigumu kumfikia kwa njia hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo, safu ya kinachobaki ifanye kazi mapema: mchuuzi ajiwekee kiwango ambacho hatakivuka, na akisome kabla ya kukubali kukopesha tena. Ni rahisi kumwonyesha mtu ukurasa kuliko kumwambia kwamba haaminiki.

Stakabadhi za forodha na ushuru

Bahasha iliyogundishwa ndani ya jalada la nyuma ni hifadhi ya karatasi za mpakani. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa na husamehewa ushuru wa forodha. Bidhaa za mifugo na mimea huhitaji pia vibali vya afya.

Anayeandika nambari ya cheti na ya risiti katika ukurasa wa siku ana jibu anapoulizwa. Asiyeandika hulazimika kubishana, na mara nyingine hushawishika kutoa kitu kidogo ili aachwe apite, au kutumia vichochoro ambako bidhaa zaweza kutwaliwa.

Umuhimu wa kujua mali ilikotoka ulionekana Machi 2021, Kenya ilipositisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye amri hiyo ililegezwa kwa masharti. Waagizaji walitakiwa kusajiliwa, na mahindi yaandamane na vyeti vya kuonyesha yalikolimwa na kwamba kiwango cha sumu hakikuzidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti ya aina hiyo humkuta tayari mtu aliyezoea kuandika gunia lilitoka wapi, kwa nani na lini.

Upo pia ushuru wa mauzo unaotozwa na KRA. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia tatu ya mauzo, na taarifa huwasilishwa kila mwezi. Mchuuzi wa mayai wa mfano wetu, mwenye mauzo ya K14,000 kwa mzigo, hufikia kiwango cha chini baada ya mizigo 72 hivi.

Asilimia tatu ya K14,000 ni K420, nayo hutozwa kwenye mauzo bila kujali gharama. Ikitolewa katika faida ya K643, hubaki K223. Sheria humruhusu mfanyabiashara kumwandikia kamishna wa ushuru ili atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato, ambapo gharama hutolewa kwanza. Lakini gharama zisizo na maandishi ni sawa na gharama ambazo hazikuwepo. Sheria inataka kumbukumbu za ushuru zihifadhiwe kwa miaka mitano, hivyo daftari lililojaa lisitupwe wala kufungiwa njugu.

Simu haitoshi?

Yupo atakayeuliza haja ya karatasi ni ipi ilhali kila mtu ana simu. Swali hilo ni la haki. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, sehemu kubwa ya malipo nchini Kenya hupitia simuni, na kila malipo huacha ujumbe wenye jina, kiasi na saa.

Ujumbe huo, hata hivyo, hausemi pesa ni za nini. K1,050 kutoka kwa mwenye hoteli zaweza kuwa malipo ya leo, ya deni la wiki iliyopita au ya mzigo wa kesho. Pesa taslimu, nazo bado ni nyingi mpakani, hazituni ujumbe wowote. Fauka ya hayo, simu ile ile inayotunza hesabu ndiyo inayoleta habari, vichekesho na maombi ya mikopo, na aliyeifungua ili aandike deni huenda akaifunga bila ya kuliandika.

Karatasi nayo ina udhaifu wake. Hulowa mvua, hupotea ndani ya matatu, na haiwezi kujumlisha. Njia ya busara ni kuviunganisha viwili hivyo: kuandika katika daftari, kutumia simu kujumlisha, na kila jioni kupiga picha ukurasa wa siku na kurasa za wadaiwa waliobadilika. Daftari likipotea, picha zitabaki. Simu ikipotea, daftari litabaki. Funga daftari ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, na usiliache juu ya meza, kwa maana lina siri za watu wengine.

Si kwa wachuuzi pekee

Dereva wa lori anayesubiri Malaba aweza kutumia ukurasa ule ule kuandika saa aliyofika, nambari za karatasi za mzigo, mafuta aliyonunua na pesa za matumizi alizobakisha. Atakaporudi kwa mwajiri, hatategemea kumbukumbu ya wiki mbili. Wakala wa forodha mwenye faili ishirini mkononi ataona kwa mtazamo mmoja ni ipi inayosubiri saini na ya nani. Mwendeshaji bodaboda atajua ni pesa ngapi za mwenye pikipiki, ngapi za petroli na ngapi zake.

Asiyejua kusoma na kuandika vizuri naye hajafungiwa mlango. Alama za trei, gunia na mkungu wa ndizi zaweza kuchorwa, vijiti vya kuhesabia vikawekwa kando, na mtoto anayesoma akasaidia kuhamisha jioni. Vyama vingi vya akina mama huendeshwa kwa kitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, na usomaji huo wa wazi ndio unaolinda pesa zao.

Anayeanza asitake ukamilifu. Wiki ya kwanza aandike pesa na madeni tu. Wiki ya pili aongeze kazi na ahadi. Akisahau siku mbili, aache nafasi na aendelee siku ya tatu, badala ya kununua daftari jipya ili aanze upya kwa usafi.

Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya janga la corona, malori ya mizigo yaliendelea kuvuka huku foleni ya Malaba ikienea kwa kilomita nyingi, lakini mchuuzi wa miguu alizuiwa. Waliokopesha na kukopa ng'ambo ya mpaka walitenganishwa ghafla na wadaiwa wao, bila ya kujua ni hadi lini.

Mtu aliyekutana tena na mdaiwa baada ya miezi mingi alihitaji kukumbuka kiasi, sarafu na siku. Palipokuwa na ukurasa wenye tarehe na sahihi, mazungumzo yalikuwa mafupi. Pasipokuwa nao, kila mmoja alikuja na kumbukumbu yake, na mara nyingi kumbukumbu ya anayedaiwa huwa fupi kuliko ya anayedai.